Mjukuu Wangu, Pima Kabla Hujanunua

Mjukuu wangu, wewe uliyeshika mita na bisibisi ukaamua kuwa fundi umeme wa mitambo, keti nikuambie. Kazi yako naipenda, na wewe nakupenda zaidi. Ndiyo maana nitasema kwa kukazia.

Siku hizi kijiko kikizima, au injini ya greda ikikataa kupanda, kioo cha opereta huandika kwamba mawasiliano yamekatika. Vijana wakisoma hayo hukimbilia kontroli boksi. "Boksi limekufa," wanamwambia tajiri. Boksi linaagizwa, mtambo unalala, boksi linakuja, linafungwa, na maandishi kwenye kioo ni yale yale. Nakuomba usiwe kijana huyo.

Elewa kwanza kinachotokea humo ndani. Injini ina boksi lake, haidroliki ina lake, kioo nacho kina lake. Yote yanazungumza kwenye nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja, CAN ya juu na CAN ya chini. Kampuni ya Bosch iliutambulisha mtandao huo wa CAN mwaka 1986 kule Detroit, Marekani, kwa ajili ya magari. Leo mitambo mingi inautumia kwa utaratibu uitwao J1939, na mara nyingi hupitisha biti 250,000 kila sekunde.

Ni kama barazani: anayesema husikiwa na wote, na wote wanajua nani alipaswa kusema. Mmoja akinyamaza, wenzake humtaja. Basi shika neno langu: anayeita jina siye aliyepotea. Boksi lililoandika hitilafu mara nyingi ndilo lililo hai, linamlalamikia mwenzake. Unaling'oa kwa kosa gani?

Kwa hiyo pima, mwanangu. Zima mtambo, subiri maboksi yalale, ndipo ukate swichi kuu ya betri. Kwenye plagi ya uchunguzi yenye pini 9, nyaya hizo mara nyingi ziko kwenye herufi C na D. Hata hivyo fungua mchoro wa mtambo wako uhakikishe, maana mitambo mingine ina mtandao zaidi ya mmoja.

Weka mita kwenye omu. Kila ncha ya mtandao ina resista ya omu 120, na zote mbili zikipimwa kwa pamoja hutoa 60. Ukiona karibu na 60, uti wa mtandao umeungana. Ukiona 120, resista moja haionekani au waya umekatika njiani. Ukiona 40, kuna mtu aliongeza resista ya tatu. Ukiona karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Habari yote hiyo umeipata bila kutoa hata shilingi ya tajiri.

Lakini usilewe na hiyo 60. Tawi linalokwenda kwenye boksi moja laweza kuwa limekatika, na mita bado ikasoma 60. Rudisha betri, washa swichi, pima volti ya kila waya kwa erthi. Wa juu husoma juu kidogo ya 2.5, wa chini husoma chini yake kidogo. Ukikuta waya mmoja umepanda kuelekea volti 24, jua waya wa moto umeugusa. Hapo ukifunga boksi jipya, unaweza kuliunguza papo hapo. Ugonjwa usiopimwa humaliza dawa mbili.

Boksi lisilopata umeme nalo halisemi. Kagua fyuzi, moto na erthi yake likiwa kazini. Waya uliobakiwa na uzi mmoja huonyesha volti 24 kamili bila mzigo, kisha huanguka kazi ikianza.

Halafu pitia waringi kwa mikono yako: kwenye maungio ya mtambo, chini ya sakafu ya kebini, jirani na injini, popote klipu ilipokatika na waya ukaanza kusuguana na chuma. Tikisa taratibu huku mwenzako akiitazama mita. Fungua plagi, tafuta maji, kutu ya kijani na pini iliyorudi nyuma.

Nakusihi, usitoboe ganda la waya ili upate pa kupimia. Leo utapata jibu, lakini masika yataingiza maji kwenye tundu ulilolitoboa. Usifumue msokoto wa nyaya, kwa kuwa huo ndio unaozikinga na vurugu za umeme wa jirani. Usielekeze maji ya presha kwenye plagi.

Nakusihi tena, usiazime boksi la mtambo mwingine kwa "kujaribu tu". Lina mipangilio ya kwao. Na ukichomelea ndoo au fremu, kata betri, chomoa maboksi kama kitabu cha mtambo kinavyoagiza, na ubane erthi jirani kabisa na unapochomelea. Umeme usioonyeshwa njia hujichagulia.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Kijana akichoshwa na hitilafu, huunganisha nyaya ili swichi ya usalama idhaniwe iko sawa, mtambo usukume kazi hadi jioni. Mtambo uliodanganywa hauna tena wa kuuzuia. Leva ikiguswa kwa bahati mbaya, bumu linashuka, na chini yake huenda yupo mwenzako. Boksi hununuliwa. Mguu wa mtu haununuliwi.

Shusha ndoo mpaka chini, zuia matairi, weka ufunguo mfukoni mwako kabla ya kuingiza mkono. Nakuomba kama babu yako.

Najua tajiri anapiga simu na malori yamepanga foleni. Haraka yake isikuingie mikononi. Nimeona vijana wenye akili nyepesi na mikono mizuri wakikosa kazi mji mzima, kwa sababu kila walipoitwa waliagiza boksi, na kila boksi likawa si dawa. Jina la fundi likishaharibika, hakuna duka linalouza jingine.

Weka daftari. Andika omu ngapi, volti ngapi, plagi ipi, na hitilafu ilikuja mtambo ukiwa baridi au umepata moto. Ukikuta moto upo, erthi ipo, nyaya nzima, na boksi bado liko kimya, liagize bila woga na umwonyeshe tajiri daftari lako.

Kabla ya hapo, mjukuu wangu, nakuomba: pima.