Silaha Iliyofichwa na Jirani Asiyejua

Katika nchi ya Marekani haki ya raia kuwa na silaha imeandikwa katika sheria kuu tangu mwaka 1791. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaitangua sheria ya jimbo la New York, iliyomtaka mtu aonyeshe sababu maalum kabla ya kupewa ruhusa ya kuchukua bastola chini ya nguo zake. Na kufika mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa hayamdai tena ruhusa mtu mzima asiyekatazwa na sheria. Basi swali la serikali limejibiwa kwa sehemu kubwa. Swali la dhamiri halikujibiwa, nasi twaliona mahali pasipotazamiwa, yaani dukani, mnunuzi anapochagua bastola ipi.

Maana bastola ya kufichwa yatakiwa iwe ndogo. Mfano wake ni ile iitwayo SIG Sauer P365, iliyotolewa mwaka 2018: huchukua risasi 10 za milimita 9 ndani ya mpini na moja tayari mtutuni, na uzito wake bila risasi ni kama nusu kilo. Haichoshi kiuno wala haionekani chini ya shati. Lakini wajuao kazi hii husema wazi ya kuwa udogo una gharama. Silaha nyepesi huurusha mkono kwa nguvu. Mpini mfupi haushikiki vema kwa vidole vyote. Tena vilengeo vya mbele na vya nyuma vikikaribiana, kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa kule risasi iendako.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo. Raha ya udogo ni ya nani? Ni ya mwenye kuchukua. Na hatari ya risasi iliyopotea? Ni ya mama apitaye njiani, na ya mtoto aliye nyuma ya ukuta wa mbao. Mtu achaguaye kwa kutazama wepesi peke yake, wala asiende kujizoeza, amejinunulia starehe kwa mali ya wengine.

Wengine husema, mbona wanafunzi walikuwa na panga mbili (Luka 22:38)? Naam, lakini upanga huning'inia kiunoni machoni pa watu. Wateteao kuficha hunena ya kuwa huwaepusha watu na hofu, wala hatuwezi kukana. Ila jirani hunyimwa pia nafasi ya kuamua kama atakaa karibu. Abraham Lincoln alipigwa Aprili 1865 kwa bastola ya Deringer, yenye risasi moja tu, ndogo hata kuenea kiganjani. Udogo humfaa mlinzi na mwuaji sawasawa.

Tena iko hatari ya nyumbani, ambayo twaiona kuwa kubwa kupita ya njiani. Mwaka 2021, katika watu waliokufa kwa risasi Marekani, zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Basi amwogopaye mwizi na ahesabu pia usiku wake mwenyewe wa huzuni, na wa kijana wake. Mtu akituuliza ni bastola ipi, sisi twataka kwanza kujua kama ana ala ngumu ifunikayo kifyatulio, na sanduku lenye kufuli, na ufunguo wake hulala kwa nani.