Kura, Ada na Haki ya Kuingia Hifadhini

Kura ya kibali ni njia ya kugawa ruhusa chache kwa waombaji wengi, majina yakichaguliwa bila kutazamwa sifa za wenyewe. Marekani ndiko ilikozoeleka zaidi, hasa kwa njia za milimani na majangwani zisizostahimili miguu mingi. Kilele cha Half Dome katika hifadhi ya Yosemite, ambacho hatua zake za mwisho hupandwa kwa kushikilia nyaya za chuma, hupokea watu wapatao 300 kwa siku, na tangu 2011 hakuna anayeruhusiwa kuzipanda nyaya hizo bila kibali. Miamba ya mchanga iitwayo The Wave, mpakani mwa Arizona na Utah, ilifunguliwa kwa watu 20 tu kwa siku hadi 2021, ndipo idadi ikaongezwa kufikia 64. Mwombaji hulipa ada ndogo isiyorudishwa, kisha kompyuta huchagua.

Pwani ya Tanga haina kura ya aina hiyo. Mbele ya Raskazone, katika ghuba ya Tanga, kimekaa kisiwa cha Toten na magofu yake ya misikiti na makaburi. Mwambao wa kuelekea Pangani umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya wavuvi wa huku kuanza kumnasa kwa nyavu za jarife samaki ambaye wataalamu, hadi 1938, walimjua kwa mabaki ya mawe tu. Juu, kwenye Usambara Mashariki, kuna msitu wa Amani, uliotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Kote huko mgeni huingia kwa ada, na asiye raia hulipa zaidi ya raia. Hata hivyo, swali kama ingekuwa haki zaidi kuingia kwa kura lina nyenzo zake papa hapa. Fikihi inayosomeshwa katika madrasa za pwani ni ya madhehebu ya Shafii, na madhehebu hayo yameipa kura uzito kuliko yale ya Hanafi.

Hofu ya kwanza ya Mwislamu ni kwamba kura ni ndugu wa kamari. Sura ya Maida inaharamisha maisiri, yaani kamari, pamoja na azlamu, mishale ambayo Waarabu wa kale waliitumia kutaka kujua la kufanya. Lakini Kurani hiyohiyo inasimulia kura iliyomwangukia Nabii Yunus merikebuni, na kalamu zilizotupwa ili ajulikane atakayemlea Maryamu. Katika hadithi sahihi imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba Mtume alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze. Wanazuoni wakatenganisha mambo matatu. Azlamu hutaka kujua ya ghaibu. Maisiri humtajirisha mmoja kwa mali ya mwenzake. Kura ya mgawanyo haifanyi hata moja kati ya hayo: inaamua tu nani atangulie, au nani achukue fungu lipi, baina ya watu ambao haki yao imekwisha kuthibiti. Katika mji kama Tanga, ambako wapiga ramli hawakosi wateja, tofauti hii si ya vitabuni tu. Mpiga ramli anauliza na kungoja jibu. Anayegawa kwa kura hakuuliza kitu.

Wakristo walifika karibu na hapo kwa njia yao. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aligawa kura mafungu matatu: ya kugawana, ya kutaka shauri na ya kutabiri, akaona ya kwanza haina ubaya mkubwa pale watu wanaposhindwa kuafikiana, na ya tatu akaiweka upande wa ushirikina. Si wote waliomfuata. Wamoraviani wa Herrnhut, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, waliwahi kuachia kura hata uamuzi wa nani aoe nani, wakiamini kwamba ni Bwana anayesema. Desturi hiyo ya ndoa ilikoma katika karne ya 19, lakini mistari ya Agano la Kale ya kila siku katika kitabu chao cha mwaka bado huchaguliwa kwa kura. Kwa imani ya namna hiyo, aliyekosa kibali ameambiwa jambo na Mungu. Kwa mtazamo wa Aquinas, hakuambiwa lolote. Zamu yake haikutoka, basi.

Utaratibu wenyewe umeelezwa kwa makini katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, kitabu kinachotegemewa sana na Mashafii wa pwani. Katika mlango wa kugawana mali ya shirika, majina huandikwa kwenye vipande, vipande huviringishwa ndani ya vidonge vilivyo sawa, na anayevitoa awe mtu ambaye hakuwapo wakati wa kuviandaa. Kila sharti hapo linaziba mwanya wa hila: ukubwa ulio sawa ili mkono usitambue, na mtu wa nje ili jicho lisijue. Kompyuta ya leo inadai kutimiza yote mawili, ila kwa namna ambayo mwombaji hawezi kuishuhudia. Kasoro hiyo ni kubwa kuliko inavyochukuliwa. Kazi kubwa ya kura ni kuondoa manung'uniko, na anayeambiwa tu kwamba amekosa, bila kuona vidonge vikitikiswa, amebaki na manung'uniko yake yote.

Ada isiyorudishwa inahitaji kutazamwa peke yake. Ikiwa pesa za waliokosa zinamnufaisha aliyepata, kwa mfano kwa kumpunguzia gharama za safari, utaratibu huo umesogea kwenye maisiri. Ikiwa ni ujira wa kuandikisha maombi, na kila mwombaji analipia kazi iliyofanyika kwa ajili yake, basi ni malipo ya huduma. Mpaka uko kwenye kiasi: ada inapozidi gharama ya kazi, ziada yake ni mali iliyotolewa kwa kutarajia bahati, na jina la ada haliisafishi.

Mbadala wa kura ni bei au foleni. Bei inaonekana vizuri kwa masokwe wa milimani. Kila familia ya masokwe hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja. Mwaka 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha mgeni kutoka dola 750 hadi 1,500. Uganda imekuwa chini ya hapo. Fedha hizo hulipa askari wa hifadhi, na sehemu yake hurudi vijijini, jambo ambalo kura haifanyi. Asiyeipenda bei sharti aseme fedha za ulinzi zitatoka wapi. Foleni nayo ina sura ya uungwana, mpaka irefuke. Kwa safari binafsi za mto Colorado ndani ya Grand Canyon, orodha ya kusubiri ilifika miaka zaidi ya 10, na mwaka 2006 ikaachwa ikaingizwa kura. Foleni ya urefu huo humfaa kijana. Mzee huandikwa jina lake kwa heshima tu.

Upatu wa mitaani una jambo ambalo kura hizi hazina. Wanawake wa mtaa wanapookota karatasi kupanga zamu, kura inaamua nani wa kwanza na nani wa mwisho, na mwisho wa mzunguko kila mmoja amepokea. Kura ya kibali haina mzunguko. Mtu anaweza kukosa mwaka hadi mwaka na mwenzake akapata mara mbili. Baadhi ya majimbo ya Marekani yamelijibu hilo katika vibali vya uwindaji kwa kumpa aliyekosa alama za kumwongezea nafasi safari ijayo. Haki ya kura imo zaidi katika alama hizo kuliko katika kuchanganya majina.

Lililo zito zaidi linatangulia kura yenyewe: nani aingizwe kapuni. Hadithi ya Mtume kuhusu adhana na safu ya kwanza ya swala inataja kura kwa watu ambao wote wana haki ileile ya kusimama pale. Kura husuluhisha walio sawa. Haiwafanyi sawa wasiokuwa sawa. Mvuvi wa Tanga ambaye riziki yake imo majini, Mdigo mwenye makaburi ya wazee wake kisiwani, na mtalii anayetaka picha wote wanaweza kuomba kufika mahali pamoja siku moja, lakini maombi yao si ya jinsi moja. Kuwatia kapu moja ni dhulma iliyovaa kanzu ya usawa. Sheria ya Tanzania Na. 29 ya 1994 kuhusu hifadhi za bahari inaelekea upande huu, kwa kuwa inawatambua wakazi wa vijiji vilivyo ndani ya hifadhi na kuwaachia matumizi yao kwa masharti. Kaya za Wamijikenda upande wa Kenya, misitu iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, zilikwenda mbali zaidi: wazee ndio wanaosema nani aingie na kwa adabu gani. Hata Half Dome haina kapu moja. Nafasi 225 ni za wanaopanda na kushuka siku hiyohiyo, na 75 za wanaolala porini.

Hija ni mfano mkubwa kuliko yote. Tangu 1988 kila nchi ina mgao wa mahujaji kwa kadiri ya mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja, na nchi kadhaa hugawa nafasi hizo kwa kura. Hapo kura imegusa faradhi, na wanazuoni wengi wa zama hizi husema kwamba aliyekosa hahesabiwi kuwa na uwezo mwaka ule, kwa hiyo hana dhambi. Kupanda mlima si faradhi kwa yeyote. Anayekosa kibali cha hifadhi amekosa neema, na hivyo mlinzi wa msitu ana ruhusa ya kupunguza idadi kwa ajili ya msitu wenyewe, hata ikibidi kufunga kabisa.

Limebaki suala la siku ambayo mtu anaangukiwa nayo. Minhaj inatofautisha mgawanyo wa mafungu yaliyo sawa, ambao kura ikitoka inabana, na ule ambao mafungu yanapishana thamani hadi mmoja amfidie mwenzake. Huo wa pili unahitaji ridhaa baada ya kura kutoka. Siku za kibali zinapishana. Maji ya kaskazi mwezi Februari, tulivu na angavu, si maji ya Julai wakati kusi imeichafua bahari. Kwa kipimo hicho, aliyeangukiwa na siku ya kusi ana haki ya kuikataa bila kupoteza ada wala alama zake, na siku hiyo irudi kapuni kwa walio tayari kuipokea.