UJIRA NI DENI, NA DAWA YA DENI NI KULIPA

Neno "kibarua" twalitamka kila siku bila kufikiri lilikotoka. Zamani za utumwa, mjini Unguja, bwana aliweza kumtoa mtumwa wake akafanye kazi ya siku kwa watu wengine. Mtumwa alipewa cheti kidogo, yaani barua ndogo, na ujira wake ukagawanywa: sehemu yake, na sehemu ya bwana aliyekaa kivulini. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Na mwaka 1897 sheria ikaacha kuutambua utumwa Unguja na Pemba. Cheti kimekwisha, jina limebaki. Yatupasa basi kujiuliza kama moyo wa bwana yule nao umekwisha.

Twasema hasa na ninyi wenye biashara ndogo: mwenye karakana ya milango na makasha katika Mji Mkongwe, mwenye mgahawa Darajani, mwenye nyumba ya wageni Paje au Nungwi, mama mwenye vyerehani vitatu; na ninyi wa bara pia, wenye duka na wasaidizi wawili. Wengi wenu ni watu wema. Mtoto wa mfanyakazi akiugua, mwatoa nauli. Sikukuu ikifika, mwatoa nguo. Lakini mshahara wa mwezi uliopita haujalipwa, au umelipwa nusu, na anayeuulizia huambiwa hana shukrani. Hapo ndipo penye kosa. Deni halilipwi kwa zawadi. Haki hutangulia, hisani hufuata.

Torati iliamuru kibarua maskini alipwe kabla ya jua kuchwa. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, aonya kwamba wavunaji walionyimwa ujira wamlilia Mungu, na kilio chao kimemfikia. Naye Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kuwa mapatano peke yake hayatoshi: mtu akikubali ujira usiomtosha kuishi kwa sababu ya shida tu, ameonewa.

Mtatuambia: "Masika ikiingia wageni hupungua, fedha tutatoa wapi?" Ni neno la kweli, na twakumbuka mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia ndege. Lakini masika si jambo la ghafla; yaja kila mwaka. Mwenye hekima huweka akiba wageni wanapojaa, kama mwenye mikarafuu ajuavyo kuwa mavuno mengi ya mwaka huu huenda yasirudi mwaka ujao. Akiba isipotosha, awaite wafanyakazi mapema, awafunulie daftari, wapatane kupunguziana siku za kazi kwa zamu. Kumwacha mtu angoje ahadi isiyo na tarehe ni kumtwika mnyonge hasara ya biashara ambayo faida yake hakuionja.

Mapatano na yaandikwe: kazi gani, saa ngapi, ujira kiasi gani, siku gani ya malipo. Fedha ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998, ikikatwa katika mshahara ifikishwe Mfukoni. Kuikata na kuitumia ni wizi. Fundi akikosea, aonywe faraghani, asiaibishwe mbele ya wateja. Wafanyakazi wengi wa Unguja ni Waislamu: Ijumaa wapewe nafasi ya kusali, na mwezi wa Ramadhani waachiwe mapema wakafuturu na jamaa zao. Sisi wenyewe tusingependa kunyimwa Misa ya Jumapili.

Mfanyakazi naye ana wajibu wa kufika kwa saa yake na kutunza mali ya tajiri wake. Lakini tajiri asiyelipa hana kinywa cha kukemea. Fundi huchelewa, misumari hupungua sandukuni, naye hunyamaza, kwa kuwa ajua anadaiwa. Alipaye kwa siku yake hudai kazi safi bila haya, naye huipata.

Kanisa kuu la Unguja, ambalo watu huliita Minara Miwili, lina jina la Mtakatifu Yosefu, seremala. Mwaka 1955 Papa Pius wa 12 aliiweka tarehe 1 Mei iwe sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi. Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala, akala jasho la mikono yake. Fundi asimamaye mlangoni mwako akingoja mshahara ni ndugu yake kwa kazi. Basi, kabla ya kwenda Misa Jumapili ijayo, kila mwenye deni la ujira afungue daftari lake, alilipe; ndipo atoe sadaka yake altareni kwa moyo mweupe.