Hiari ya Mlevi

Uraibu wa pombe huzua swali ambalo dini na tiba hulijibu kwa namna zinazogongana: mlevi anatenda dhambi, au anaugua? Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, swali hili halina likizo. Mtu wa mjengo huapa kanisani Jumapili kwamba ameacha. Jumanne jioni anashuka stagi ya 46, harufu ya pombe ya chang'aa inamfikia kutoka kwa mama pima anayeiuza, na miguu inakata kona kabla hajawaza lolote.

Pombe huufanya ubongo utoe endofini, nazo huongeza dopamini, kemikali inayomsukuma mtu kutafuta. Mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz, kwa majaribio ya nyani, alionyesha kwamba mnyama akishajifunza, dopamini hupanda kwa ishara inayotangulia tuzo, si kwa tuzo yenyewe. Ndiyo maana harufu peke yake hutosha. Miaka ikipita, unywaji hushikwa na sehemu za ubongo zinazoendesha mazoea, na sehemu ya mbele, inayopima na kuzuia, hudhoofika. Asubuhi mikono hutetemeka, na glasi ya "kutoa lock", ya kutuliza mtetemo huo, haina tena raha yoyote ndani yake. Novemba 2000 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na bado unywaji haukukoma. Mazoea hayaogopi kifo.

Je, lawama imefutika? Aristotle alikataa: mlevi alikuwa na uwezo wa kutokulewa. Paulo, katika Warumi 7, anamfahamu mtu anayetaka jema asilitende. Qur'ani nayo ilikataza kileo kwa hatua: kwanza ikataja madhara yake, kisha ikazuia kusali mtu akiwa amelewa, mwisho ikaharamisha kabisa. Wafasiri wengi huona humo huruma kwa watu waliokwisha kuzoea. Amri ilibaki amri, ila mazoea yalipewa muda.

Dawa zinaonyesha hiari imebaki wapi. Naltreksoni huziba vipokezi vya endofini, hivyo pombe hupoteza utamu. Disulfiramu huzuia mwili kumaliza kuivunja pombe, na anayekunywa hutapika huku moyo ukimwenda mbio. Zote humezwa kabla, mtu akiwa mbali na harufu. Basi mlevi, ambaye jioni ni karibu mateka, asubuhi, kama hajafikia hatua ya kutetemeka, ana uhuru wa kweli, na anaweza kuutumia kuifunga jioni yake. Anayeona kidonge kama njia ya kukwepa toba amekosea: kukimeza kila siku ni toba yenye mwili. (Aliyezama sana asiache ghafla bila daktari, anaweza kupata kifafa na kufa.)

Disulfiramu hufaa zaidi mtu mwingine akishuhudia ikimezwa: mke, mama, mzee wa kanisa. Kwa hiyo wajibu haumkalii mlevi peke yake. Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2023, lakini anayetoka Kawangware kufuata tiba katika Hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili, kwenye Barabara ya Thika, huvuka jiji zima kwa matatu. Mhubiri anayemdai mlevi hiari ana haki ya kuidai, na papo hapo ana deni la kuidai serikali dawa hiyo katika zahanati ya mtaa.