Ukurasa Usiokuwepo Kwenye Mpango Mkakati

Neno kipaumbele lina ukali ambao tumeuzoea hadi hatuusikii. Ndani yake mna kupa, na mna mbele. Na ukishampa mmoja nafasi ya mbele, kuna mwingine umemweka nyuma, hata kama hukumtaja. Foleni haina namna nyingine ya kupangwa. Uliza yeyote aliyewahi kusimama Huduma Centre saa mbili asubuhi.

Sasa chukua mpango mkakati wa chuo kikuu cha umma hapa Kenya. Unapatikana kwenye tovuti, kurasa nyingi, picha ya jengo la utawala kwenye jalada. Kuna maono, kuna dhamira, kuna jedwali la uwezo, udhaifu, fursa na vitisho. Lazima pia kuwe na maneno "kiwango cha kimataifa". Halafu vipaumbele vyenyewe: utafiti ni kipaumbele, ufundishaji ni kipaumbele, ubunifu, jinsia, mazingira, dijitali, ushirikiano na viwanda, vyote viko mbele. Nimesoma kadhaa (ndio, kuna watu husoma vitu hivi kwa hiari) na bado sijakutana na ule wenye ukurasa unaosema: haya hapa ndiyo tunayoyaacha.

Na si kwamba hakuna kinachoachwa.

Nilisomea isimu na lugha za Kiafrika, katika chuo cha umma ambacho sitakitaja. Hakuna siku ambayo kikao chochote kiliamua kuifunga idara yetu, na nataka hilo lieleweke kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Mhadhiri wa fonolojia alistaafu, nafasi yake haikutangazwa. Yule wa leksikografia akapata kazi nje ya nchi, naye hakuletewa mrithi. Vipindi vyao wakapewa wahadhiri wa muda, wale wa kulipwa kwa saa, na baada ya semista mbili bila kuona pesa nao wakaacha kuja. Nani angewalaumu? Yuniti zikaanza kukosekana. Mtu wa mwaka wa nne anaambiwa yuniti yake ya lazima "haitolewi semista hii", ajaribu mwaka ujao. Habari kama hizo husambaa WhatsApp kabla hata hujatoka ofisini. Waliokuwa wakiifikiria kozi wakaikimbia. Baada ya hayo yote ndipo rasimu ya mpango mpya ikatoka, na ndani yake jedwali la "programu zenye mahitaji madogo", nasi tulikuwa humo. Namba yetu imeandikwa tu pale, kama kipimo cha mvua.

Yaani unamnyima ng'ombe majani, kisha unamuuza kwa sababu hatoi maziwa.

Rasimu hiyo niliiona kwa sababu nilikuwa mwakilishi wa wanafunzi na tukaalikwa kwenye kikao cha wadau, hotelini Naivasha. (Kwa nini mipango ya vyuo haiandikiwi vyuoni, hilo ni swali la makala nyingine. Chai ilikuwa nzuri.) Nikauliza kuhusu lile jedwali. Afisa wa mipango hakuwa mtu mbaya. Alinisikiza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Sawa, mdogo wangu. Profesa mmoja, darasa la watu 4. Upande wa pili kuna uhandisi, watu 60 wanagombania mashine moja. Ungekuwa mimi, shilingi ungeipeleka wapi?"

Ni swali la haki na sitaki kulikwepa. Hosteli niliishi na jamaa wa uhandisi ambaye alifika mwaka wa tatu akiwa ameigusa mashine ya kukereza chuma mara mbili. Siku zingine zote alisimama nyuma, akichungulia juu ya bega la komredi mwenzake. Huyo naye ana haki yake. Na mama anayeuza sukuma wiki Kawangware hulipa ushuru kila akinunua sabuni. Ile pesa ya profesa wangu ni yake pia. Siwezi kumwambia eti lugha ni roho ya taifa halafu nitegemee anyamaze. Pesa ni kidogo, lazima mtu achague. Hapo mimi na yule afisa hatukosani.

Tunakosana mahali pengine. Wengi wetu tunajua ile nyumba yenye watoto watatu na karo ya mmoja. Kuna mzazi anayewaita wote mezani, anasema: mwaka huu pesa ni ya huyu, wewe utangoja, na sababu ni hii. Inauma. Kuna watoto ambao hawajasamehe hadi leo. Lakini aliyeambiwa akapata kujipanga: akatafuta chuo cha ufundi, akaenda kwa mjomba kujifunza kazi ya umeme, akaanza kuweka pesa zake mwenyewe. Halafu kuna yule mzazi mwingine, mpole zaidi, anayesema kila Jumapili, "Wiki hii itapatikana, usijali." Mtoto anakaa na sanduku lililopangwa, anangoja, hadi muhula unaisha. Hakuna aliyemwambia hapana. Ukimuuliza mzazi atakuapia kwamba hakumbagua mtoto yeyote.

Wote wawili hawakuwa na pesa, kwa hivyo kosa haliko kwenye pesa. Huyu wa pili alichukua kitu zaidi ya karo. Alichukua mwaka mzima wa mtoto, mwaka ambao mtoto angeutumia vingine kama angejua. Na aliuchukua kwa sababu hakutaka kuonekana mbaya.

Vyuo vyetu vimekuwa huyo mzazi wa pili, na naelewa vilivyofika hapo. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, wale wa "parallel", na vingine vikafuata. Pesa ikaingia na kozi zikaongezwa kila upande. Kisha ikaja KCSE ya 2016. Wizi wa mtihani ulipobanwa, waliopata C+ kwenda juu wakashuka hadi chini ya 90,000, na serikali ikawa na nafasi ya kuwachukua wote. Wa kujilipia wakaisha karibu mara moja, lakini kozi na mishahara vikabaki. Mwaka 2023 ukaletwa mfumo mpya wa ufadhili, ambao pesa humfuata mwanafunzi kwa njia ya udhamini na mkopo kulingana na hali ya nyumbani kwao. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, mambo yakaenda rufaa. Lakini somo lake kila idara ililielewa: bila wanafunzi, hakuna pesa.

Kwa hivyo siku hizi anayepanga vipaumbele vya chuo cha umma ni nani hasa? Kwa sehemu kubwa ni kijana wa miaka 18, yuko kwenye cyber, ukurasa wa KUCCPS umefunguka, na nyuma yake kuna shangazi anayeuliza, "Na hiyo utaandikwa wapi?" Simcheki shangazi. Swali lake lina uchungu wa miaka mingi ndani yake. Ila ni swali la nyumba moja kuhusu mtoto mmoja. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaiambia serikali ilinde na kuendeleza lugha za wananchi, Lugha Ishara ya Kenya na Breili pia. Mtaala wa sasa unataka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Vitabu hivyo vitaandikwa na nani, na kamusi zake? Hakuna shangazi wa kuuliza hilo pale cyber. Chuo cha umma kiliwekwa kwa ajili ya maswali kama hayo, yale ambayo hayana mnunuzi lakini bado ni yetu.

Na si kwamba hatujui kuchagua waziwazi. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ifutwe. Hawakusema ipanuliwe, au iboreshwe hadi kiwango cha kimataifa. Walisema ifutwe, fasihi ya Afrika ikae katikati, nyingine zipangwe kwa kuizunguka. Unaweza kupinga hoja yao. Wengi walipinga wakati ule na wengine wanapinga bado. Lakini ulijua ni nini kinatakiwa kiondoke mbele, kwa sababu gani, na majina ya wanaosema hivyo yalikuwa pale chini ya karatasi. Kulikuwa na watu wa kubishana nao. Sisi hatukuwa na mtu wa kubishana naye, tulikuwa na jedwali.

Pale Naivasha nilipendekeza ukurasa mmoja tu uongezwe. Uandike: idara hizi hatutazijaza tena, waliomo watamalizishwa hivi, na mhadhiri fulani, kufikia mwaka fulani, baada ya hapo hatupokei. Mpango ni wa 2023 hadi 2027, na shahada ni miaka 4, kwa hivyo anayeingia mwanzoni mwake anaumaliza ndani yake. Mpango huo ndio maisha yake yote ya chuo. Afisa alicheka kidogo, bila dharau. "Ukurasa huo ukitoka," akasema, "kesho yake nina chama cha wahadhiri mlangoni, na mbunge kwenye simu." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Tukaenda chakula cha mchana, na tuliporudi tulikuwa kwenye kipengele cha dijitali.

Nilishamaliza sasa. Ilinichukua mwaka mmoja na nusu zaidi, kwa ajili ya yuniti mbili. Septemba iliyopita binti mmoja wa mwaka wa kwanza, kutoka idara ileile, alinipata kupitia rafiki. "Wewe ulipitia hapo, niambie ukweli," akasema. "Nikae ama nihame?" Anaipenda kozi. Anaandika maneno ya nyanyake kwenye daftari, na maana zake, amefika karibu 300. Nilijua akihama, jedwali lijalo litakuwa na namba ndogo zaidi, na kuna mtu hotelini ataisoma kama ushahidi.

Nikamwambia dirisha la kuhama linafungwa Ijumaa.