Kuazima Maneno ya Biblia

Je, mtunzi wa hadithi ana ruhusa ya kuazima Maandiko Matakatifu ili apambe kitabu chake? Wako Wakristo waonao kuwa huko ni kukosa heshima. Sisi tuliofundisha fasihi twaona yategemea anayafanyia nini.

Tazameni riwaya ya Gilead, aliyoitoa Marilynne Robinson wa Marekani mwaka 2004. Jina lenyewe ni la nchi ambayo nabii Yeremia aliuliza habari za zeri yake (8:22). Mchungaji John Ames, mzee wa miaka 76 mwenye ugonjwa wa moyo, anamwandikia mwanawe mdogo barua. Ndipo anaporudi Jack, mwana wa rafiki yake, ambaye zamani alimzalisha msichana akamwacha. Msomaji wa Luka 15 humtambua mara moja: mwana mpotevu! Lakini baba yake anampokea. Mwenye kinyongo ni mchungaji, aliyezeekea mimbarani. Yeye ndiye kaka mkubwa.

Uzuri wa kitabu uko hapo, kuliko katika lugha yake (ingawa ni tamu). Sisi tunaoketi viti vya mbele twajikuta tumesimama nje ya mlango pamoja naye. Mwishoni Ames anamwekea Jack mkono na kumbariki, naye Jack yu njiani kuondoka tena.