Haki ya Kusimama Kando

Mwanadiplomasia mmoja wa Ulaya alisimama kwenye mdahalo jijini Dar es Salaam akatukaripia kwa kura ya Umoja wa Mataifa ya tarehe 2 Machi 2022, siku ambayo nchi 141 ziliitaka Urusi iondoke Ukraine. Tanzania ilikuwa miongoni mwa 35 zilizojizuia, pamoja na Uganda na Burundi. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono. Asiyechagua upande, alisema, amekwisha kuchagua upande wa mwonevu. Ukumbi ukampigia makofi. Makofi yale yamenikera kuliko kauli yenyewe.

Maana ya kutoegemea upande tunaijua tangu shule: hupigani, humsaidii anayepigana, nawe huguswi. Tusipoteze muda hapo. Linaloniumiza ni jambo jingine: haki hiyo ni ya nani, na ni nani aliyewahi kuiheshimu ilipokuwa yetu?

Mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu bonde la Kongo, ambalo kwa ramani ya wakubwa wale lilienea hadi Bahari ya Hindi, liwekwe nje ya vita vyao iwapo wangekubaliana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, Gavana wa Kijerumani Heinrich Schnee alitaka kifungu hicho kitumike huku kwetu, na Ubelgiji ikakiomba kwa ajili ya Kongo. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, ikapiga mizinga Dar es Salaam, ikilenga kituo cha simu ya upepo. Wiki mbili baadaye Wajerumani wakaishambulia Lukuga, upande wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hata mapatano ya kutopigana yaliyofanywa Dar es Salaam na Tanga, London iliyakataa. Novemba manowari Fox ikaingia Tanga kutangaza kwamba hayapo tena, na nyuma yake kuna jeshi zima lililoletwa kutoka India. Katika shauri lote hilo hakuna Mdigo wala Mzaramo aliyeulizwa chochote.

Sasa tuichukue kauli ya mgeni wetu tuipeleke Ugogo mwaka 1917. Wajerumani walikuwa wamekwisha kupita wakichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Waingereza wakaja nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mpagazi aliyetoroka kambi ya Waingereza usiku, akaacha sanduku la risasi porini akarudi kwa watoto wake, alichagua upande wa nani? Wa Kaiser, kwa kuwa alimnyima Mfalme George mgongo wake? Na mwenzake aliyetoroka safu ya Wajerumani, tumwandike kuwa shujaa wa Uingereza? Kauli ile haina mahali pa kuwaweka watu hawa. Inadhani pande ni mbili tu, na kwamba kila aliyekaa kando aliuona uovu akageuza uso. Lakini wale waliouona uovu kwa karibu zaidi ndio waliokimbia pande zote mbili, na waliokamatwa walichapwa viboko kwa kosa hilo.

Kisha kuna suala la nani anatuhubiria. Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, koloni la Uingereza, alijitangazia uhuru ili wazungu wachache waendelee kutawala. Tanzania ilichagua upande: tarehe 15 Desemba ikavunja uhusiano na Uingereza iliyoshindwa kumzima Smith, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Hakuna serikali hata moja ya Ulaya Magharibi iliyotufuata. Mwaka ule walituambia tuwe na subira. Kumbe mwonevu ana upande pale tu anapokuwa adui wao?

Wapo wanaosema kwamba nchi ndogo ndiyo inayoihitaji zaidi sheria ya mipaka, hivyo haifai kunyamaza inapovunjwa. Hoja hiyo ni nzito, na sina jibu lake. Wengine hutaja dhahabu ya Wanazi iliyopokelewa Uswisi, nchi isiyoegemea upande, nao wana haki.

Kila ninaposoma habari za vita vile vya 1914 nasimama Kigoma, kwenye meli tunayoiita Liemba. Iliundwa Papenburg kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam ndani ya makasha, ikapanda treni, ikaunganishwa upya na kuingia ziwani 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake mafuta mazito isije ikaliwa na kutu. Waingereza waliiibua 1924 na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria. Injini ilitunzwa chini ya maji miaka minane, na vijana waliobeba mizigo ya vita hivyohivyo walizikwa kwa maelfu kando ya njia bila hata jina.

Hata hivyo siwezi kuitetea kura yetu kwa moyo mweupe. Watu wa Kharkiv, Ukraine, wiki ya kura ile walikuwa wakitendewa yale yaliyoipata Tanga. Na siwezi kukubali kwamba kukataa ugomvi wa wakubwa ni dhambi. Nimeyageuza haya mawili kila upande na hayajapatana.

Tarehe 14 Desemba 1965 Rais Nyerere alikwenda bungeni kueleza sababu za kuvunja uhusiano na Uingereza, pamoja na hasara yake. Waheshimiwa wabunge, kabla ya kura nyingine ya namna hii, idaini Serikali ije mbele yenu ieleze vivyo hivyo.